Spana ya msalaba, mashine ya upepo au spana ya torki: ipi ya kukazia nati za magurudumu?

Dereva wa Ntinda
Wanajukwaa, naomba ushauri. Nina Toyota Premio yenye rimu za aloi, na kila nikizibiwa pancha, fundi hukaza nati kwa mashine ya upepo kiasi kwamba nikipata pancha njiani, spana iliyokuja na gari haifui dafu. Je, spana ya msalaba inanitosha, au nigharimie spana ya torki, ile inayolia nguvu ya kukaza uliyoipanga ikifikiwa? Na mashine ya upepo ina ubaya gani hasa, ilhali gereji nyingi zinaitumia?

Fundi wa Ndeeba
Ndugu, mashine ya upepo haina kosa. Kosa ni kuiachia imalize kazi. Nguvu yake hutegemea presha ya kompresa na muda ambao mtu amebana kitufe, kwa hiyo nati mbili za gurudumu moja zinaweza kupata nguvu tofauti kabisa. Gari lako linataka Nm 103 (newtonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na mashine nyingi za gereji hupita kiwango hicho kwa sekunde chache tu. Boliti iliyokazwa kupita kiasi huvutika pasipo kuonekana kwa macho, na nati zisipokazwa kwa usawa zinaweza kupinda diski ya breki, usukani ukawa unatetema unapokanyaga breki. Mimi huitumia kufungulia, basi.

Mwalimu wa Mbarara
Nisaidie kwa hesabu, kwa sababu ndizo zinazoamua. Ili upate Nm 103 kwa spana yenye mkono wa sentimita 25, lazima uisukume kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 42 hivi, na mkono huo ukiwa wa sentimita 50, kilo 21 zinatosha. Kwa spana ya msalaba, mikono yako ikiwa sentimita 20 kutoka katikati kila upande, mmoja unasukuma na mwingine unavuta, kila mmoja kwa kilo 26, jambo ambalo mtu mzima mwenye afya analiweza. Sasa mtazameni yule anayepanda juu ya spana kwa miguu: kilo 75 kwenye sentimita 30 ni Nm 220, yaani zaidi ya maradufu ya kinachotakiwa.

Msafiri wa Kabale
Hesabu za mwalimu ni sahihi, lakini spana ya torki nayo hudanganyika. Hupima ugumu wa kuzungusha nati, haipimi jinsi rimu ilivyobanwa. Kwa hiyo uzi wa boliti ukiwa na kutu, italia "tak" mapema huku gurudumu likiwa bado halijashikwa barabara. Sisi wa barabara za maramu tunalijua hili vizuri: vumbi na tope kavu vikibaki kati ya rimu na habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa), husagika gari likitembea, na nati iliyokuwa imekaza jana leo imelegea. Pigeni brashi ya waya kwenye habu kabla ya kurudisha gurudumu. Uzi nao usipakwe oili, kwani oili hupunguza msuguano na boliti huvutwa kupita kiasi kwa kipimo kilekile. Kisha kagueni tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Anayetoka Kampala kuelekea Masaka asimame Kayabwe, pale kwenye mstari wa Ikweta, ambapo wengi husimama kupiga picha hata hivyo.

Muuza vipuri, Kisekka
Kabla ya spana, angalieni nati zenyewe. Za Toyota nyingi na za Subaru huwa za milimita 12, ila hatua ya uzi, yaani nafasi kati ya mkunjo mmoja wa uzi na mwingine, ni milimita 1.5 kwa Toyota na 1.25 kwa Subaru. Ukilazimisha, unaharibu boliti. Vilevile rimu nyingi za aloi za Toyota hutumia nati yenye washa bapa, wakati ile ya chuma hutaka nati yenye mdomo wa koni. Wateja wanaochanganya hizi ni wengi mno.

Dereva wa Ntinda
Asanteni sana. Basi nitanunua zote mbili: ya msalaba ikae kwenye buti, na ya torki ibaki nyumbani. Mpangilio wa kukaza ukoje?

Fundi wa Ndeeba
Anza nati zote kwa vidole gari likiwa juu ya jeki, kisha zikaze kiasi kwa kuruka moja: ya 1, 3, 5, 2, halafu 4. Shusha jeki, na ukaze kwa mwisho tairi likiwa limegusa ardhi, kwa mpangilio uleule. Spana ya torki ikilia mara moja, acha. Ukiongeza, unapita kipimo. Usiitumie kufungulia nati, na ukimaliza irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa ndipo uihifadhi, la sivyo springi yake itachoka na kipimo kitapotoka.