Mrejesho: kupima ugumu wa ateri mtu akipiga pedali

Wakuu, niliuliza nitapimaje ugumu wa ateri (kwa kasi ya wimbi la mapigo ya damu; ateri ikiwa ngumu, wimbi hukimbia zaidi) mtu akiwa juu ya baiskeli ya mazoezi, maana kihisio cha kinena kilicheza kila goti likipanda. Aliyesema nipime shingoni hadi kwenye kifundo cha mkono, ubarikiwe sana. Mkono ukilazwa kwenye mto, wimbi linasomeka hata jasho likitiririka. Napata mishipa ya mkono, si aota (ateri kuu itokayo moyoni), ila bora hiyo. Muda wa wimbi kusafiri siuhesabu kuanzia ECG (kipimo cha umeme wa moyo): kati ya umeme wa moyo na damu kutoka kuna chembe ya sekunde, na mazoezi huifupisha, hivyo kasi inadanganya. Presha napima papo hapo, kwani ikipanda tu, kasi nayo hupanda. Kiwango cha mita 10 kwa sekunde, ambacho kasi ikikipita ateri huhesabiwa ngumu, sikitumii. Kile ni cha shingo hadi kinena, mtu amelala.