Kuhamisha parameta za ArduPilot kutoka droni moja kwenda nyingine kwa MAVProxy, diff inanijaza laini

waya_mbili
Wakuu habari, nina droni mbili za fremu moja, mota moja, fimwea (programu ya ndani inayoirusha droni, ArduPilot) toleo lile lile, ya kwanza nimeshaitune inaruka vizuri sasa nataka ya pili iwe hivyo hivyo bila kubofya bofya kwenye skrini. Kwa MAVProxy (programu ya kompyuta ya kuongea na droni kwa amri) nimefanya `param save a.parm` kwenye ya kwanza na b.parm kwenye ya pili, nikipiga diff ya kawaida (amri ya kulinganisha faili mbili) inatoka mlolongo wa laini ambazo mimi sijagusa, kuna kitu nimeweka 0.135 huku naona 0.13500000536. Halafu nikijaribu kuload kuna parameta inaniambia haizijui kabisa. Naanzia wapi?

propela_bovu
Hiyo 0.13500000536 isikutishe, parameta zinatunzwa kama floti ya biti 32 na 0.135 haikai humo kamili. Achana na diff ya kawaida, tumia `mavparmdiff.py a.parm b.parm`, inakuja na pymavlink (maktaba ya Python ambayo MAVProxy inaitegemea) kwa hiyo kama una MAVProxy tayari unayo, tofauti ndogo kuliko 0.000001 inazipuuza.
Kabla ya kuload toa vitu vya kalibresheni, futa zote za COMPASS_ (dira) na INS_ (jairo na akselerometa) na STAT_ (takwimu za matumizi) basi umemaliza.

jairo254
Hapana mkuu hapo kwenye INS_ utamuumiza mwenzio. INS_GYRO_FILTER na zile za INS_HNTCH za noch filta ndo tuning yenyewe, ukizitupa droni ya pili inabaki na PID (namba za kudhibiti mwendo) za mwenzake bila filta zake, mota zinaweza kupata moto vibaya. Na COMPASS_ORIENT ni namna dira ilivyofungwa kwenye fremu, kama zimefungwa sawa inabidi iende. Cha kutoa ni vile vya sensa moja moja tu, grep -v inaondoa laini zenye majina haya:

`grep -vE '^(COMPASS_(OFS|DIA|ODI|DEV_ID|PRIO)|INS_.*(OFFS|SCAL|_ID)|AHRS_TRIM|BARO.*GND|STAT_|SYSID_THISMAV)' a.parm > msingi.parm`

SYSID_THISMAV (namba ya utambulisho wa droni) usiisahau, droni mbili zenye namba moja kwenye telemetri moja ni vurugu tupu. Kama kila moja ina risiva yake toa na RC1_MIN, RC1_MAX na wenzake.

propela_bovu
@jairo254 sawa, kwenye filta umenishinda

mzee_wa_loga
Kuhusu zile "haizijui": kuna parameta zimejificha mpaka ile mama yake iwashwe. Mfano BATT2_MONITOR (ya betri ya pili) ikiwa 0, BATT2_VOLT_PIN haipo kabisa kwenye orodha, sasa faili lako linaitaja autopailoti inashangaa. Kwa hiyo load mara ya kwanza, izime uiwashe, `param fetch` ili MAVProxy ipate orodha mpya, halafu load tena faili lile lile. Ukiona ya mwisho imesema changed 0 na haikulalamika jina lolote ujue zimeingia zote. Vitu kama RNGFND1_TYPE (sensa ya kupima umbali) tabia ni hiyo hiyo.
Tena load inakubali nyota, `param load msingi.parm ATC_*` inaingiza za ATC (udhibiti wa mkao wa droni) tu, mi napenda kwenda fungu kwa fungu hivyo maana kikiharibika kitu najua ni fungu gani. Propela zivue.

waya_mbili
Asanteni sana wakuu. Grep imepunguza kelele nyingi, mara ya pili ya kuload BATT2 zote zimeingia, nimebaki na kukalibreti dira na akselerometa za hii ya pili. Msingi.parm nimeiweka kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya faili). Swali dogo, zile za kila droni mnaziweka repo moja au mnatenganisha?

jairo254
Repo moja, msingi.parm juu halafu folda kwa kila droni na faili la kalibresheni yake peke yake. Ukibadilisha bodi au sensa unafuta la folda hiyo tu unakalibreti upya, msingi haiguswi.