Tupeane uzoefu: Watoto wameondoka nyumbani, na mwili wa mama nao unabadilika

Mama Kihonda (Morogoro)
Ndugu zangu, Jumapili jioni nilikuwa jikoni nikipima mchele kwa kopo la maziwa ya unga ambalo limekuwa kipimo changu tangu mtoto wa kwanza alipoanza darasa la kwanza. Nilimimina makopo matatu kama kawaida, nikachagua, nikaosha, nikainjika, na maji yalipoanza kuchemka ndipo nilipokumbuka kwamba tuliobaki ndani ni mimi na baba yao, na kwamba kopo moja lingetutosha na kiporo kikabaki. Nilikaa juu ya kigoda nikalia mpaka wali ukaungua. Mkubwa anafanya kazi Mwanza, wa pili aliolewa mwaka jana, na kitinda mimba alipanda basi mwezi wa sita kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) Mafinga, akiwa na fulana za kijani na shuka mbili za bluu bahari ambazo nilizunguka soko zima mwenyewe kuzitafuta.

Wakati huohuo mwili wangu haunitii. Nina miaka 49. Hedhi huja mwezi huu, ikaruka miwili, kisha ikaja kwa fujo. Usiku joto hunipanda kutoka kifuani hadi usoni kana kwamba nimeinamia jiko la mkaa, nabadilisha kanga mara tatu kabla ya alfajiri, na asubuhi neno dogo tu la mume wangu linanitoa machozi. Kila ninayemweleza hunijibu kwamba ni upweke wa watoto na nitazoea. Je, ni upweke tu? Mliopita njia hii naomba mseme.

Mwalimu wa Hai
Dada, hayo makopo matatu yamenigusa. Mimi bado nakata mkungu wa ndizi kihambani kama vile wote watano wapo, halafu nawagawia majirani.

Binti wa Pangani
Mama Kihonda, nimesoma maneno yako nikaweka simu chini kwanza, maana hayo nimeyaishi miaka miwili iliyopita. Binti yangu wa mwisho alipata kazi za ndani Muscat, akaondoka siku tatu baada ya Idi. Chumba chake nilikiacha vilevile, chandarua kikiwa kimefungwa fundo juu ya kitanda kama alivyokifunga mwenyewe alfajiri ile, na sikuruhusu mtu yeyote alifungue lile fundo.

Mwezi haukuisha nikaanza kulowa jasho usiku. Nilikwenda zahanati, nikapimwa malaria, hakuna kitu, lakini nikapewa dawa za malaria. Nikarudi tena, hakuna kitu, nikapewa dawa za kushusha presha. Mara ya tatu moyo ulikuwa unanienda mbio na usingizi umenikimbia kabisa, nikaambiwa nina mawazo kwa sababu ya mtoto aliyeko mbali, nikaambiwa nimwombee. Mama mkwe akasema ni jini, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kubisha, nikapelekwa kupungwa usiku mbili mfululizo, ngoma zinalia na mimi nimefunikwa shuka huku joto lile lile likinipanda chini yake, na kila nilipolitupa shuka wakasema haya, jini limekasirika, mfunikeni tena.

Siku iliyo mbaya kuliko zote ilikuwa baada ya hapo. Mume wangu alileta wageni wawili, akaniomba chai kwa upole kama desturi yake, nami nikampigia kelele mbele yao maneno ambayo sijawahi kumwambia katika miaka 27 ya ndoa. Usiku ule alihamia chumba cha uani. Saa nane nikaamka nimelowa, nikaenda kuketi kwenye kitanda cha binti yangu chini ya lile fundo la chandarua, na nikawaza kwamba kama hivi ndivyo nitakavyokuwa mpaka kufa, basi afadhali nisichelewe. Nasema wazi kwa sababu najua yupo atakayesoma akiwa amekaa mahali kama pale. Asikae peke yake, amwamshe mtu.

Aliyenivusha ni muuguzi kijana, mwenye umri wa mwanangu, aliyekuwa zamu siku niliyopeleka mjukuu kliniki. Aliniangalia nikijipepea na kadi, akaniuliza: "Mama, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?" Katika mwaka mzima wa kuzunguka, hakuna aliyeniuliza swali hilo. Kwetu Pwani, nilipovunja ungo niliwekwa ndani, somo, yaani kungwi wangu, akanifunda kila jambo la kuanza. La kumaliza hakuna aliyenifunda.

Mzizimkavu
Poleni sana akina mama. Hata hivyo msidharau mambo ya majini, kwa sababu wapo waliopungwa wakapona. 

Binti wa Pangani
Ndugu yangu, sidharau imani ya mtu. Ninachokueleza ni kwamba nilifunikwa shuka usiku mbili nikiwa naungua, na maradhi hayakuwepo. Ulikuwa umri.

Mzizimkavu
Basi pengine waliokupunga hawakuwa mafundi.

Mwalimu wa Hai
Kaka, mama wa watu amekueleza kwamba aliwaza kufa, nawe unatafuta fundi mwingine wa kumfunika. Tafadhali liache hili wazungumze waliolibeba.

Mkunga Mstaafu
Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo marahaba. Nimefanya kazi ya ukunga miaka 34 na mwenyewe nilikoma hedhi nikiwa na miaka 52. Wanawake wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa kuwa umekoma pale inapotimia miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Lakini kabla ya hapo kuna miaka kadhaa ya kuyumba, ambapo ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, zinapunguza homoni ya estrojeni, leo iko juu, kesho imeshuka, na huko ndiko yanakotoka joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, hasira za karibu na ule ukavu ambao wengi wanaona haya kumwambia hata mume.

Mama Kihonda, umeuliza kama ni upweke tu. Ni mambo mawili yaliyogongana mlangoni. Aliyezaa kitinda mimba akiwa na miaka 29 au 30 humwona akiondoka akiwa na 48 au 49, umri uleule ambao mwili nao unafunga hesabu zake. Kwa hiyo huzuni inasingiziwa makosa ya homoni, na homoni zinasingiziwa huzuni, na mama anakosa msaada wa pande zote mbili. Nenda kwa daktari na kalenda ya hedhi yako mkononi. Tiba ya homoni ipo, ingawa haimfai kila mtu, hususan aliyewahi kuugua saratani ya titi au damu kuganda kwenye mishipa. Presha pia ipimwe kweli, isikisiwe. Na mifupa hupungua nguvu kipindi hiki, basi dagaa, maziwa na kutembea kwa miguu visiachwe.

Mama Pacha wa Tabora
Mkunga, ungeniandikia hayo miaka mitano iliyopita ungeniokoa na mengi. Nilikuwa na miaka 46 kitinda mimba wangu alipokwenda Dodoma chuoni. Hedhi ikasimama miezi minne. Nikawatangazia dada zangu kwamba nimemaliza, nikagawa vitambaa vyangu vyote vya hedhi na hata lile beseni la kuogeshea watoto nililolitunza miaka 19. Tumbo likaanza kujaa nikasema ni gesi, kwa kuwa kila mtu alisema umri huu una gesi. Wakati huo binti yangu mkubwa alikuwa na mimba ya miezi sita, nami ndiye niliyemsindikiza kliniki. Siku hiyo nikahisi kitu kinagonga ndani yangu, nikanyamaza. Kikagonga tena. Nikamwomba mpimaji, kwa aibu kubwa, aniangalie na mimi. Nililala pale pale alipotoka kulala binti yangu, na kwenye kioo tukaona moyo unapiga.

Mama Kihonda (Morogoro)
Mama Pacha, usiishie hapo! Ulijifungua salama?

Mama Pacha wa Tabora
Presha ilipanda sana nikapasuliwa kabla ya kutimiza miezi. Nilikaa wodini wiki mbili. Ni mvulana, sasa ana miaka minne, na yeye na mpwa wake hugombania kiti kimoja, mpwa akiwa ndiye mkubwa kuliko mjomba wake kwa wiki chache.

Mcha Mungu
Hongera, ila kwa kweli mama na binti kulea pamoja si jambo la heshima. Umri ule ni wa kumlea mjukuu.

Mama Pacha wa Tabora
Heshima yangu iko palepale. Mume ni wangu wa ndoa, mtoto ni wangu, na binti yangu ndiye aliyeninyonyeshea mwanangu siku tatu nilizokuwa sijitambui. Jambo hilo usiliguse tena.

Mkunga Mstaafu
Mcha Mungu, mwombe mwenzio radhi. Na wengine mnufaike: aliye chini ya miaka 50 asiache uzazi wa mpango mpaka itimie miaka miwili tangu hedhi ya mwisho, na aliyevuka 50 angoje mwaka mmoja. Kuruka miezi minne si kukoma.

Mcha Mungu
Niwie radhi, mama.

Baba wa Wanne
Naomba nami niseme kwa upande wa wanaume. Mke wangu alipoanza kuhama kitanda usiku nilidhani amenichoka, nami nikaanza kuchelewa kurudi ili nisimsumbue. Tulikaa hivyo karibu mwaka. Siku moja nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo wake umegusa saruji ili apate ubaridi, akanieleza yote, nami nikaona aibu kwamba nilikuwa nahesabu makosa ambayo hayakuwepo. Sasa feni iko upande wake, na usiku akiamka namletea maji. Muulizeni mkeo kabla hujajijibu mwenyewe.

Mwalimu wa Hai
Mume wa Binti wa Pangani yuko bado chumba cha uani?

Binti wa Pangani
Amerudi, alhamdulillah. Nilimpeleka kwa yule muuguzi akaelezwa na yeye.

Shangazi Ukonga
Ushauri wangu: pangisha chumba cha mtoto kwa mwanafunzi. Utapata wa kumpikia na kodi utaipeleka kwenye kikoba.

Kitinda Mimba
Shangazi, tafadhali usimshauri hivyo. Mama yangu alipangisha chumba changu bila kuniambia, nikarudi likizo nikalala sebuleni nikijiona mgeni kwetu. Hata hivyo nakiri kwamba nilikuwa nampigia simu wakati ninapotaka hela tu. Tangu usiku wa jana nilipoanza kusoma haya, nimempigia na kumuuliza analalaje. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema hajalala vizuri tangu mwezi wa tatu.

Shangazi Ukonga
Basi asipangishe, aletewe mjukuu.

Mwalimu wa Hai
Mjukuu naye asiletwe kama dawa. Nimelea watano, nataka kulala.

Mama wa Rombo
Nimekuwa nikisoma tu. Mimi nina miaka 57 na hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita. Mwezi huu damu imerudi kidogo kidogo, na jirani amenipongeza kwamba ujana umerudi. Watoto wote wako Dar es Salaam, sikutaka kuwatia hofu.

Mkunga Mstaafu
Mwanangu, sikiliza vizuri. Damu ikionekana baada ya mwaka mzima wa kukoma, hata tone moja, haipongezwi. Mara nyingi sababu ni ndogo na inatibika, lakini inaweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba au ya mlango wa kizazi, na zote zikiwahiwa hutibika. Usingoje Desemba watoto wapande nyumbani. Waambie leo, na wiki hii uende hospitali ya wilaya ukapimwe.

Mama wa Rombo
Nimekuelewa, bibi. Naogopa kwenda peke yangu.

Mwalimu wa Hai
Hai na Rombo si mbali. Alhamisi sina vipindi. Nitapanda gari la kwanza, nitakukuta stendi ya hapo Mkuu, Rombo, saa tatu asubuhi, nitakuwa nimejitanda kitenge cha njano.

Mama wa Rombo
Nitakuwa pale saa mbili na nusu.