Mmechukua pesa za majeruhi mkanunulia fulana za mgombea, halafu mnaniita kibaraka?

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa hivyo msinidai adabu leo.

Jana usiku nimeondolewa kwenye kundi la WhatsApp nililoingia Juni 2024, wakati wa maandamano ya vijana wa Kenya kupinga Mswada wa Fedha. Wakati ule tulikuwa kama watu arubaini tunaulizana nani amekamatwa, yuko kituo gani, nani anamjua wakili wa kwenda kumtoa. Hatukuwa na mwenyekiti. Mweka hazina tulimpata kwa sababu tu laini yake ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kupokea michango. Kosa langu jana ni kuuliza michango hiyo imekwenda wapi. Jibu lilikuja kwa picha: marobota ya fulana zenye sura ya mgombea wa urais. Nilipoandika "hizi ni pesa za hospitali", nikatolewa. Jina la kundi nalo limebadilishwa, sasa lina 2027, mwaka wa uchaguzi, ndani yake.

Mgombea wa kwenye fulana simtaji. Sina ugomvi naye, na nadhani hata habari za fulana hana.

Kwa wasiojua tulifikaje hapa, kundi limepasuka vipande vinne. Wanaomtaka Maraga kila siku wanatukumbusha 1 Septemba 2017, alipofuta uchaguzi wa rais akiwa Jaji Mkuu. Wa seneta Omtatah wanasema mtu wao alikuwa kortini akipinga Sheria ya Fedha ya 2023 sisi wengine tukiwa bado tumelala. Wa mwanaharakati Boniface Mwangi wanasema hao wawili ni wazee, na kwamba huyu amekula vitoa machozi tangu wengi wetu tuko shule ya msingi. Kipande cha nne kinasema kwa sauti ya chini: yeyote atakayemwondoa Rais Ruto, hata akiwa mwanasiasa wa zamani kama Kalonzo, hata akiwa Matiang'i aliyekuwa waziri. Hao wa nne ndio wanaotukanwa na wote.

Kila upande una hoja, sikatai. Mimi pia ninaye wangu. Lakini watu waliobebana mabegani Juni 25 leo wanaitana vibaraka! Ukiuliza swali la kawaida kabisa, kwamba huyu mtu wetu robo ya kura katika kaunti 24, ambayo Katiba inamdai anayetaka urais, ataipata wapi, unaambiwa umelipwa. Ukiuliza mara ya pili, wanaangalia jina lako la ukoo. Sisi tulioimba hatuna kabila, hatuna chama, hatuna kiongozi! Kiongozi tulimkataa, sawa, ilitusaidia: Bungeni tuliingia Jumanne, Jumatano Rais akasema Mswada wa Fedha hatautia saini. Hawakuwa na mtu wa kumwita pembeni wampe bahasha. Ila tulikataa pia kuweka njia ya kuamua jambo. Sasa limekuja jambo la kuamuliwa, na anayeamua ni admini.

Kuna mzee mmoja kwenye kundi, alikimbizwa na polisi katika Saba Saba ya 1990, maandamano ya kudai vyama vingi. Alijaribu kuwaeleza habari za FORD. Vuguvugu lililosaidia kumlazimisha Rais Moi kurudisha vyama vingi likageuka chama, kikagawanyika kabla ya uchaguzi wa 1992, Jaramogi na FORD-Kenya, Matiba na FORD-Asili, na Kibaki yuko kando na chama chake cha DP. Moi akashinda kwa asilimia 36 hivi. Yaani zaidi ya nusu ya waliopiga kura walimkataa na bado akaapishwa. Mnajua mzee alijibiwa nini? Aende akalee wajukuu. Mzee wa watu akaandika "sawa wanangu" na hajasema neno tena.

Najua mjuaji mmoja atakuja hapa chini kuniambia Katiba ya 2010 inataka nusu ya kura na moja zaidi, kwa hivyo tugawane tu, tutakutana duru ya pili. Ndugu yangu, duru ya pili ni ya wawili wa kwanza. Ukigawa kura zetu mara tatu, hao wawili watakuwa ni nani? 2022 huku mitandaoni ungedhani mgombea Wajackoyah anakaribia Ikulu. Debeni alipata kura 61,969. Pengo kati ya Ruto na Raila lilikuwa kura 233,000 na kidogo. Pigeni hesabu wenyewe, simu mnazo.

Tena hizo kura zenyewe ziko wapi? Vijana tulikuwa chini ya asilimia 40 ya waliosajiliwa 2022. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilipofungua tena usajili mwishoni mwa Septemba 2025, mimi na wenzangu wawili ndio tuliokuwa tunawasindikiza watu hadi ofisi ya eneobunge, nauli mfukoni mwetu. Wenye fulana walikuwa wanabishana rangi. Sitanii, siku mbili nzima, kijani au nyeupe.

Na tulivyowacheka ODM, chama cha Raila, Julai 2024, walipoteuliwa kuingia baraza la mawaziri la Ruto mwezi uleule tuliokuwa tunazika wenzetu! Angalau wao walipewa wizara. Sisi tumeuzwa kwa fulana, na shingo zake nasikia zinalegea ukifua mara moja.

Sitaki kurudishwa kwenye kundi. Kampeni fanyeni, ni haki yenu, lakini kwa pesa zenu. Zile zilichangwa na watu waliotuma shilingi hamsini hamsini wakijua zinakwenda kwa majeruhi na dhamana. Kijana mmoja bado ana vyuma mguuni tangu siku ile na Alhamisi anatakiwa kliniki. Mama yake amenipigia mimi asubuhi, kwa sababu mweka hazina hapokei simu yake.

Mweka hazina, najua unasoma hapa, juzi tu ulikuwa unagombana na mtu kwenye uzi mwingine. Namba ya mama unayo. Mpigie leo.