Mke wangu tangu akabwe hatoki nje, mwezi wa pili sasa. Nifanyeje wakuu?

Fundi Vioo
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri ila matusi hapana, hapa nilipo kichwa kimejaa. Mke wangu anauza samaki wa kukaanga huku Mbagala, alikuwa anatoka saa 10 alfajiri kuwahi gari za Kivukoni akachukue vibua Feri. Siku hiyo wakamkaba kichochoroni, kituo anakiona kabisa, wakachukua simu na mtaji wake 85,000, na bisibisi wakamchoma mkononi akashonwa nyuzi 6. Kidonda kimepona, yeye ndo bado. Maji ananunulia mlangoni kwa watu wa mkokoteni, dukani anatuma mtoto, usiku komeo analikagua mara tatu mara nne, pikipiki ikipita anaosha vyombo basi anaacha sufuria na povu lake anasimama mpaka ipotee. Karai la kukaangia lipo pale pale ukutani limeanza kutu. Mimi kazi zangu za msimu, mnajua hali. Nafikiria nimpeleke kwao Muheza akapumzike, tiketi ya Jumamosi nishakata. Au nimlazimishe kidogo kidogo atoke azoee?

Mzee wa Busara
Pole. Ila na wewe mwanaume mzima unamwachiaje mkeo atoke saa 10 usiku peke yake na hela mkobani? Mengine tunajitakia wenyewe.

Mama Shughuli
Mzee wa Busara hebu tulia. Feri ukienda saa 3 asubuhi utakuta nini, magamba? Hizo ndo saa za kazi za wanawake wa huu mji. Yaani mtu akikabwa swali la kwanza alifata nini pale, aliyekaba hata mama yake hamuulizi alifata nini.

Kijana wa Mlimani
Na hilo Mama Shughuli lilishapimwa. 1966 huko Marekani, Melvin Lerner na mwenzake Carolyn Simmons waliwaonyesha wanafunzi mwanamke anapigwa shoti za umeme kila akikosea jibu, ilikuwa maigizo ila watazamaji hawajui. Waliodhani ataendelea kuumia na wao hawana la kufanya ndo walioanza kumshusha thamani, ooh hata mwenyewe havutii. Yaani mtu akishindwa kuzuia uonevu anatafuta kosa kwa anayeonewa ili alale vizuri, maana ukikubali kwamba yeye hakukosea kitu basi kesho ni wewe.

Konda Mstaafu
Mimi 2022 ile ya Panya Road, lile genge la vijana wa mapanga, waliingia kwenye nyumba tuliyopanga, mapanga wanayakwaruza ukutani. Sikukatwa, wenzangu wawili walikatwa. Mpaka leo viatu naviweka kitandani upande wa miguu, soli zikiwa zimeangalia mlango, niwe tayari. Kijiweni nilipohadithia jamaa mmoja kaniuliza "sasa wewe mbona ulipona?" kama vile nilikuwa nao. Nikaacha kuhadithia. Mkuu mkeo hadeki, hiyo kitu ipo.

Abuu Twalib
Mpelekeni kwenye dua, hapo kuna jicho.

Nesi wa Zamani
Dua sawa, haikatazwi, ila na hospitali. Wiki za mwanzo kushtuka, kukosa usingizi, kuliona tukio kama linarudia, ni kawaida na wengi hupoa wenyewe. Ikivuka mwezi na mtu hawezi kuishi maisha yake hiyo inatibika, anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Temeke, Muhimbili nako kuna idara ya akili na kwenda pale haimaanishi mtu kichaa. Kitu kimoja, usimkalishe kila siku "hebu nihadithie tena ilikuwaje", na usimburute kichochoroni ati azoee. Kuzoea kupo lakini kwa hatua anazochagua yeye, leo mpaka dukani na mtu anayemwamini, kesho mbele kidogo. Halafu nina swali. Huyo kibaka alikamatwa? Umeparuka hapo.

Fundi Vioo
Asante nesi. Alikamatwa ndio, wiki ya pili yake. Ila hiyo siyo ishu, ishu ni woga wake.

Nesi wa Zamani
Yuko wapi sasa hivi?

Fundi Vioo
Yupo mtaani. Ni kijana wa mtaa wa pili kutoka kwetu. Tulimalizana kifamilia. Msianze kunirukia, mama yake namjua, tunachota naye maji bomba moja, alikuja na wazee analia, wakasema watatoa 600,000, wametanguliza 360,000 nikalipa kodi miezi 6 maana mwenye nyumba alishaanza kutuma ujumbe. Kesi za huku unazijua mwenyewe, njoo leo njoo kesho, shahidi hajafika, mkeo anapigwa maswali mbele ya watu. Nilimwepusha na hayo.

Mama Shughuli
Kwa hiyo mchomaji anapita mlangoni kwako na wewe unauliza kwa nini mkeo hatoki????

Mzee wa Busara
Kusameheana ni jambo jema lakini. Tukipeleka vijana wote jela nani atabaki.

Mama Shughuli
Asamehe aliyechomwa. Hapa kasamehe mlipa kodi.

Karani Msomi
Jamani nisaidieni kitu. Kaporwa, kachomwa bisibisi, huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa halina dhamana na kifungo chake kinaanzia miaka 30. Jalada la hivyo halifungwi kwa sababu wazee wamekaa sebuleni. Halafu mleta uzi kajiunga jana, na uzi ndo huu huu mmoja. Hii chai, na tangawizi imewekwa.

Teja wa Kahawa
Nilishaanza kuhisi. Kila kitu kimekaa vizuri mno, mpaka karai lina kutu 😂

Konda Mstaafu
Hata mimi niliambiwa chai. Acheni mtu amalize.

Fundi Vioo
Siyo chai. Nimejiunga jana kwa sababu jana ndo nilishindwa.

Nilificha kitu. Alipokamatwa mke wangu aliitwa kituoni, akamwonyesha kidole bila kusita, akasema ni huyu, nyusi ya kushoto ina kovu na alikuwa ananukia gundi. Jioni ndo wakaja na hiyo hela. Kesho yake nikaenda peke yangu kwa mpelelezi, nikamwambia mke wangu kafikiria usiku kucha, sura hana uhakika nayo, kulikuwa na giza. Nyumbani nikasema polisi wamemwachia kwa kukosa ushahidi. Juzi mama wa kijana kaja kuleta iliyobaki, tunaongea mlangoni kwa sauti ya chini, mke wangu yupo nyuma ya pazia anakunja nguo. Kasikia yote. Hakusema kitu, akamaliza kukunja. Usiku taa imezimwa kaniuliza, "Kwani mimi sikumwona?"

Nikajifanya nimelala.

Karani Msomi
Nafuta la chai mkuu. Samahani.

Mama Shughuli
Kaka yangu sikutukani. Ila tiketi ya Muheza siyo ya kumpumzisha yeye, unataka asikuangalie usoni.

Karani Msomi
Sikiliza. Maelezo yale ni yake, siyo yako. Ana haki ya kurudi kituoni kusema alimtambua na bado anamtambua, akiona mpelelezi anazunguka aende kwa mkuu wa kituo. Na hela, mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kuamuru amlipe fidia aliyemuumiza, hiyo inakuwa ya kwake kwa jina lake, siyo ya pembeni ya pazia. Wewe mwenyewe ulichomwambia mpelelezi ni uongo na una gharama, sikufichi, kabla hujaenda tafuta watu wa msaada wa kisheria, tangu 2017 kuna sheria yake na asiye na uwezo anasaidiwa bure. Hiyo 240,000 iliyobaki usiiguse.

Nesi wa Zamani
Hospitali nilishasema. Ila leo leo mwambie alimwona.

Fundi Vioo
Nimerudi. Tiketi nimeuza kwa wakala pale stendi kwa hasara. Nimemwambia yote, mpaka la mpelelezi. Hakulia. Kaenda kanyanyua godoro upande wa ukutani, katoa kile kikaratasi chenye namba ya RB, ile ya kuripoti polisi, kumbe alikifunga kwenye nailoni ya chumvi kisilowe. Kasema Jumatatu twende, ila anayeongea ni yeye, mimi nitakaa nje kwenye benchi.