Jina la mtoto wa kiume: Vuai, Barghash au Jamshid?

Mkae_wa_Makunduchi

Assalaam alaykum wanabaraza. Alhamdulillah tumejaaliwa mtoto wa kiume, mama na mwana wazima. Akika iko karibu na jina bado halijatulia. Tumechuja, yamebakia matatu.

Vuai ni jina la baba yangu, na huyu ndiye mjukuu wake wa kwanza wa kiume. Kwa desturi ya kwetu kusini neno lingekuwa limekwisha. Barghash kalileta shemegi yangu wa Wete, mtu anayependa historia. Jamshid ndilo nilipendalo mimi, tangu nilipojua kuwa Waajemi humsimulia mfalme huyo kuwa ndiye aliyeanzisha Nairuzi, sikukuu yao ya mwaka mpya, na Nairuzi ndiyo hii Mwaka Kogwa yetu ya kila Julai. Mke wangu karidhia lolote. Mkwe wangu ndiye aliyenivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, jina hilo nchi hii lina mwenyewe."

Naomba wanaojua wanipe asili ya kila moja, nani analitumia, na mtoto ataishi nalo vipi. Mimi naitwa Haji, kwa hiyo lipimeni pamoja na la kwangu.

Mwalimu_Kiembesamaki

Hongera sana, Allah amkuze. Nasomesha skuli, daftari la mahudhurio nalisoma kila asubuhi, kwa hiyo nitasema ninachokiona humo. Khamis, Juma, Ali, Mohammed na Suleiman hawakosekani. Vuai, Makame, Pandu, Ame na Mcha bado wapo wengi, lakini wapo kwenye jina la pili na la tatu. Ni majina ya baba na babu. Watoto wenyewe siku hizi ni Rayyan, Arham, Mundhir. Barghash sijapata kumsomesha. Jamshid nimemsomesha mmoja tu, na wazee wake asili yao ni Bara Hindi.

Ukitaka jina adimu huna haja ya kwenda Uajemi. Vuai kama jina la mtoto mdogo nalo limeanza kuadimika, na hilo linaniuma kuliko hayo mengine mawili.

Mkongwe_Shangani

Kuhusu Jamshid kuna watu wawili ndani ya jina moja.

Wa kwanza ni sultani. Jamshid bin Abdullah alishika kiti tarehe 1 Julai 1963 baada ya kufariki baba yake. Uhuru wa 10 Desemba ulimkuta yeye, na Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yakamwondoa. Hakutimiza hata mwaka. Akaenda kuishi Portsmouth, Uingereza, zaidi ya miaka hamsini, mpaka mwaka 2020 alipohamia Oman, na huko Maskati akafariki tarehe 30 Desemba 2024. Yapange masultani wetu wote, Majid, Barghash, Khalifa, Ali, Hamad, Hamoud, Abdullah: Jamshid, wa mwisho wao, peke yake ndiye mwenye jina la Kiajemi. Kwa mtu wa umri wa mkwe wako, ukisema "Jamshid" hakuna mwengine anayekuja akilini.

Wa pili ni wa hadithi, naye ni mkongwe kupita kiasi. Katika Avesta, kitabu cha dini ya kale ya Waajemi, anaitwa Yima, na sifa aliyopewa ni khshaeta, yaani mng'avu. Viwili hivyo vikaungana vikawa Jamshid. Ferdowsi, aliyemaliza utenzi wake wa Shahnameh mnamo mwaka 1010, anasema alitawala miaka 700, akawafundisha watu kufuma, kujenga na kutibu maradhi. Siku moja akakaa kwenye kiti chake kikanyanyuliwa juu angani, akang'ara kama jua, na siku ile watu wakaiita Nowruz, siku mpya. Hata magofu ya Persepolis Wairani mpaka leo huyaita Takht-e Jamshid, kiti cha Jamshid.

Lakini soma mpaka mwisho wake. Alipata kiburi, akadai yeye ndiye muumba, utukufu ukamtoka. Zahhak akamnyang'anya ufalme, akamkata kwa msumeno vipande viwili.

Ustadh_Mkwajuni

Wa alaykum salaam. Kisheria jina halilazimiki kuwa la Kiarabu, linatakiwa liwe na maana njema. Mtume (s.a.w.) alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya muasi, akamwita Jamila. Lililokatazwa kwa upande wa ufalme ni mtu kuitwa mfalme wa wafalme, na mmoja wa wapokezi wa hadithi hiyo akatolea mfano "Shahanshah" ya Waajemi. Jamshid halimo humo. Kiburi cha mfalme wa kwenye utenzi hakimpati mtoto wa Makunduchi.

Mimi wasiwasi wangu uko kwa Barghash. Kwa Kiarabu barghash ni visubi, wale wadudu wadogo wanaouma wakati wa magharibi. Waarabu wa zamani waliwaita watoto kwa majina ya wanyama na wadudu bila ya tatizo, kwa hiyo si dhambi. Ila mtoto akienda kusoma nchi za Kiarabu wenzake watajua maana yake siku ya kwanza.

Mpemba_wa_Jadida

Shemegi, ndiye mimi niliyelileta, niacheni nilitetee. Sayyid Barghash alitawala tangu 1870 hadi 1888. Kabla yake alijaribu kumpindua kaka yake Majid akashindwa, akapelekwa Bombay. Huko akauona mji wenye mambo mapya, na aliporudi na kupata utawala hakuusahau. Jumba la Beit al-Ajaib alilijenga yeye, 1883. Maji ya mfereji yalifika Mjini wakati wake, yakitolewa kwenye chemchemi za upande wa Bububu. Soko la watumwa lilifungwa wakati wake, 1873. Mtu kama huyo kumpa mtoto jina lake ni heshima, na hakuna mtu leo atakayekununia.

Mkongwe_Shangani

Mengine yote ni kweli, ila la 1873 usimpe peke yake. Mkataba ule alitia saini Waingereza walipomtishia kuizingira bandari kwa manowari, na Kirk ndiye aliyekuwa balozi wao hapa. Maji na Beit al-Ajaib, hayo ni yake.

Baharia_wa_Malindi

Nchi zilizobaki za dunia hazijui habari za 1964. Melini nimefanya kazi na Mwirani Jamshid na Mpakistani Jamshed, na kwa Wauzbeki na Watajiki ni jina la kawaida kabisa. India kuna mji mzima, Jamshedpur, uliopewa jina la Jamsetji Tata, naye alikuwa Parsi, yaani wa kizazi cha Waajemi waliohamia Bara Hindi na dini yao ya kale. Na Maparsi tulikuwa nao hapa hapa Mjini, ndiyo jamaa wa akina Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja 1946. Wao sikukuu ya tarehe 21 Machi huiita kabisa Jamshedi Navroz. Kwa hiyo jina hili limepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe bila ya kuwa na uhusiano na kiti chochote. Mie nakwambia mpe, Haji. Wakilikimbia wote litabaki la mtu mmoja.

Bi_Kiongoni

Mwanangu Haji, hongera. Mimi ni mtu wa Makunduchi na nakusema kama mama yako.

Mwaka Kogwa nimeuona tangu sijajua kufunga kanga. Wanaume wanapigana kwa migomba mpaka maji ya mgomba yanawachuruzika mikononi, wanatoana hasira za mwaka mzima, halafu wanashikana mikono. Sisi wanawake tunaimba, na maneno tunayotoleana siku ile hayasemeki siku nyengine. Kinajengwa kibanda cha makuti, mzee anaingia ndani, kinatiwa moto, anatoka mbio, na sote tunatazama moshi unaelekea wapi. Baada ya hapo wazee wanaanza kuhesabu miongo, kumi kumi, wajue wakati wa kupanda na wakati wa kutoka baharini. Katika yote hayo sijamsikia mzee hata mmoja akimtaja Jamshid. Sikatai kuwa Nairuzi ilitoka huko. Ninachosema, usimpe mtoto jina kwa ajili ya Makunduchi ikiwa Makunduchi yenyewe hailijui.

Na jambo jengine. Baba yako akipata mjukuu wa jina lake atamwita "somo". Wewe ulimwona yeye na babu yake walivyokuwa?

Mwalimu_Kiembesamaki

Bi Kiongoni, ahsante. Naongeza kidogo kwa sababu wapo wanaosema Ushirazi wote, yaani sisi kujinasibisha na Uajemi, ni maneno ya kujipamba. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa zamani pwani yetu, Manda, Mtwapa, Kilwa na kwengineko. Wengi wao asili ya upande wa mama ilikuwa ya Kiafrika, na upande wa baba ilitoka Asia, hasa Uajemi, kuanzia kama miaka elfu moja iliyopita. Kwa hiyo Haji hajazua uhusiano. Lakini waliokuja hawakutuachia Jamshid. Walituachia Nairuzi, na majina tukajipa wenyewe.

Karani_Mstaafu

Mimi nitasema ya karatasi tu, nimezishika miaka mingi. Jamshid mtaandikiwa Jamshed, Jamshidi, na nimeona hata Jamshiid. Mwenyewe nina jina lisilozoeleka, na ofisi moja iliniandika kwa namna mbili katika faili moja, nikahangaika na sheha na mahakama kulisawazisha. Jina lolote mtakalochagua, liandikeni kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi, mkisimamie cheti cha kuzaliwa mpaka kichapwe, maana kitambulisho cha Mzanzibari na pasi vitafuata hicho hicho.

La pili, hesabu majina matatu kama tunavyoandika sisi. Ukimwita Jamshid atakuwa Jamshid Haji Vuai, babu yumo. Ila mwanawe atakuwa fulani Jamshid Haji, na Vuai hapo imekwisha. Ukimwita Vuai atakuwa Vuai Haji Vuai, na mwanawe akirudia Haji, inakwenda hivyo hivyo. Ndivyo wazee walivyoyatunza majina bila ya kuwa na jina la ukoo.

Mpemba_wa_Jadida

Basi mimi Barghash nalirudisha. Ustadh kanimaliza na visubi vyake. Kati ya mawili yaliyobaki nasema Vuai. Na mzee wangu usimwone mkali, shemegi. Siku zile za 1964 alikuwa kijana na aliona mengi ambayo mpaka leo hatusimulii yote.

Mkae_wa_Makunduchi

Nimewasoma wote, jana usiku nikamsomea na mke wangu. Hesabu ya Karani ndiyo iliyonishika, na suali la Bi Kiongoni sikuweza kulala nalo. Leo asubuhi nilikwenda kwa mkwe nikamwambia Jamshid nimeliacha. Hakusema mengi, alinishukuru, kisha akaanza mwenyewe kunieleza habari za mwaka ule. Tumekaa mpaka adhuhuri.

Mtoto ni Vuai Haji Vuai. Baharia, najua hukufurahi, na hoja yako bado naiona nzito. Akika ni Ijumaa baada ya Laasiri, Makunduchi, walio karibu tafadhalini njooni.

Baharia_wa_Malindi

Allah ambariki Vuai. Mie wangu akija, wa kiume, nitamwita Jamshid.

Bi_Kiongoni

Nitakuja, inshallah. Wa kiume ni mbuzi wawili, Haji, na nyama ya jirani igaiwe kabla ya kupikwa.