Nijiunge na PRSK (chama cha watu wa uhusiano mwema, yaani PR, Kenya) nikiwa bado chuo ama ningoje nimalize?

komredi_wa_eldy
Habari zenu wakubwa. Niko mwaka wa tatu nasoma mawasiliano hapa Eldoret, nimeegemea uhusiano mwema, na atachmenti (mafunzo ya kazini) imekaribia. Nimepeleka barua ofisi kumi na moja na hakuna hata moja imejibu, zingine zilipokelewa na soja getini zikaishia hapo. Lekchara anatuambia tujiunge na PRSK kama wanachama wanafunzi lakini hiyo pesa kwangu si ndogo, na rumeti anasema ni setifiketi tu ya kujaza sivi. Mwenye amewahi kujiunga aniambie ukweli, ilikusaidia ama?

binti_wa_taarifa
Mdogo wangu ilinisaidia, lakini si vile nilidhani. Nilijiunga mwaka wa pili nikakaa karibu miezi sita bila kufanya chochote. Halafu wakatafuta wanafunzi wa kujitolea kwa kongamano nikapewa meza ya usajili, kazi ni kutafuta jina la mtu kwa orodha umpe beji. Sasa fikiria watu wa mawasiliano wa mabenki, mashirika, wizara, wote wanapita mbele yako mmoja mmoja. Mama mmoja akaniuliza nasoma nini, nikamwambia, akasema nimtumie kitu chochote nimeandika. Sikuwa na kitu!! Usiku huo huo nikaandika taarifa kwa vyombo vya habari kuhusu michezo ya chuo nikamtumia asubuhi, akairudisha imejaa marekebisho. Habari yenyewe nilikuwa nimeificha aya ya nne, huko juu kote ni majina ya wageni waheshimiwa. Nikaiandika tena mara tatu mpaka akaridhika. Atachmenti yangu ilitoka kwake.

nililipa_nikanyamaza
Mimi nililipa na sikupata kitu, na nasema hivi kwa roho safi. Nilikuwa Kisii, mikutano mingi Nairobi, nauli sina. Kama hiyo pesa ni ya chakula, kula kwanza. Uliza kama kampasi yenu iko na klabu ya wanafunzi wa mawasiliano, kama haiko anzisheni, mwalike mtu wa kazi awaongelee. Lipia chama ule muhula unajua utahudhuria.

ofisa_wa_kaunti
Mimi ni mmoja wa wale wanapokea hizo barua, niko mawasiliano kwa kaunti fulani. Zinakuja nyingi na zote zinafanana, "naomba nafasi", hakuna inasema mtu anaweza kufanya nini. Kadi ya uanachama peke yake hainifanyi nimchukue mtu, ila mwenye amekaa na watu wa chama kuna mtu naweza kumpigia simu nimuulizie, na hiyo ni kubwa sana. PRSK iko tangu 1971, na hata shirikisho la Afrika la kazi hii lilizaliwa hapo Nairobi 1975, kwa hivyo kuna wazee mle ndani wameona mengi na wanapenda kuulizwa. Tena msikazane na Nairobi peke yake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 iko na sehemu nzima kuhusu mawasiliano na umma, kaunti ni 47, halafu Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuuliza pesa ya zahanati yake imeenda wapi, na lazima awepo mtu wa kumwandikia jibu analoelewa. Kijana akiniletea kazi mbili tatu ameandika kwa Kiswahili safi, huyo barua yake naisoma mpaka mwisho.

komredi_wa_eldy
Asanteni sana wakubwa. Na je, kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari ni kitu kimoja na hii?

binti_wa_taarifa
Hapana, Baraza ni la kisheria, linaidhinisha wanahabari. PRSK ni chama cha watu wa uhusiano mwema. Kama unataka redio ama gazeti anza na Baraza. Hiyo taarifa yako ya kwanza ukishaandika nitumie inbox, nitaisoma wikendi.